Emin Pasha: Mkono ulioua na kinywa kilichotuma

Mtu anapotoweka kwa muda mrefu, kisha siku moja zikaja habari kwamba mtuhumiwa wa mauaji yake amekamatwa, mji mzima hushusha pumzi. Barazani na vijiweni watu huambiana kuwa hatimaye haki imepatikana. Mimi, ndugu msomaji, sioni hivyo. Siku ya kukamatwa mtu ndiyo siku ambayo maswali yanaanza. Aliyekamatwa ni nani: ni aliyeshika kisu au ni aliyetoa amri? Ushahidi umepatikana kwa njia gani? Na katika kumsaka muuaji wa mmoja, ni wangapi wengine waliopotea na hakuna aliyeuliza habari zao?

Naandika haya nikiwa Isikizya, yalipo makao makuu ya Wilaya ya Uyui, kaskazini ya mji wa Tabora. Katika nchi hii yetu ya Unyamwezi maswali hayo si ya vitabuni. Tumeona vikongwe wakikatwa mapanga kwa kudhaniwa ni wachawi kwa sababu tu macho yao ni mekundu, wakati wekundu ule ni wa moshi wa kuni walizopikia maisha yao yote. Kuanzia mwaka 2006 na kuendelea tumesikia ndugu zetu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na katika mkoa wetu huu. Mara nyingi wanaofikishwa mahakamani ni wale waliotumwa. Mwenye fedha aliyeagiza kiungo amebaki kuwa mtu asiye na jina.

Kwa ajili hiyo nimeona nikumbushe maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyepita katika njia hii ya misafara zaidi ya miaka mia moja na thelathini iliyopita, akapandisha bendera pale Tabora, kisha akaingia msituni asirudi tena. Waliomuua walikuja kukamatwa. Mtu huyo ni Emin Pasha.

Mtu mwenye majina mengi

Alizaliwa tarehe 28 Machi, 1840 katika mji wa Oppeln, nchi ya Silesia, ambayo wakati ule ilikuwa chini ya Prussia na leo iko Poland. Wazazi wake walikuwa Mayahudi na jina lake lilikuwa Isaak Eduard Schnitzer. Baba yake alifariki akiwa bado mtoto mdogo, mama akaolewa na Mkristo, naye akabatizwa katika kanisa la Kilutheri. Alisomea udaktari na kuhitimu mwaka 1864, lakini hakupata kibali cha kufanya kazi hiyo nchini kwao. Akaondoka, akaingia katika utumishi wa dola ya Uthmaniyya, akawa daktari wa karantini katika bandari ya Antivari, pwani ya Adriatiki.

Huko alijifunza Kituruki na lugha nyingine, maana alikuwa na kipaji kikubwa cha lugha. Baadaye akawa mtu wa nyumbani kwa Ismail Hakki Pasha, gavana wa Kituruki. Bwana wake alipofariki mwaka 1873, Schnitzer alimchukua mjane na watoto akawapeleka kwao Ujerumani, akiwatambulisha kuwa ni familia yake. Mwaka 1875 akawaacha ghafla bila ya kuaga. Ndiyo kusema, mtu huyu kabla ya kupotezwa na wengine alikwisha kujipoteza mwenyewe.

Mwishoni mwa mwaka huo huo alionekana Khartoum, Sudan, akiwa na jina jipya: Mehmed Emin, yaani Muhammad Amin. Hapa wasomaji wengi watataka kujua: je, alisilimu kweli? Aliishi na Waislamu kama Mwislamu, akavaa kama wao na kujulikana kwa jina lao. Kwa upande mwingine, dada yake aliyekuwa Ujerumani alimwandikia kwamba amechukua jina tu. Yaliyomo kifuani mwa mja anayajua Mola wake, nasi hatukupewa kazi ya kupasua vifua vya watu. Ninachotaka msomaji ashike ni kwamba aliyeuawa msituni alikuwa na jina la Kiislamu, na waliomuua walikuwa na majina ya Kiislamu. Kwa hiyo wale waliokuja kuieleza habari hii kama kisa cha Waarabu Waislamu kumchukia Mzungu Mkristo waliacha sehemu kubwa ya ukweli.

Gavana aliyekatiwa njia

Mwaka 1876 Jenerali Gordon, Mwingereza aliyekuwa akiitumikia Misri, alimwita awe daktari mkuu wa jimbo la Equatoria, kusini kabisa ya Sudan. Emin alitumwa pia kwa Kabaka Mutesa wa Buganda na kwa Mukama Kabarega wa Bunyoro, wafalme wawili waliokuwa na uadui baina yao, na kote alisikilizwa. Mwaka 1878 akafanywa gavana wa jimbo hilo. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani na macho mabovu, aliyependa kukusanya ndege, wadudu na mimea kuliko kupigana. Hadi leo yupo shomoro mmoja wa Afrika Mashariki ambaye katika vitabu vya elimu ya viumbe anaitwa kwa jina lake.

Mwaka 1881 ikaanza harakati ya Mahdi nchini Sudan. Mwezi Januari 1885 Khartoum ilianguka na Gordon akauawa. Emin akajikuta amekatiwa njia ya kaskazini, akarudi nyuma hadi Wadelai, karibu na Ziwa Albert. Njia iliyobaki ilikuwa ya kusini, na hapo ndipo nchi yetu inapoingia katika habari. Rafiki yake, mtafiti Wilhelm Junker, aliondoka na barua zake mwaka 1886, akapita Buganda na kusini ya Ziwa Victoria hadi Tabora, kisha akafuata msafara wa Tippu Tip hadi pwani. Barua zilizobebwa na wapagazi katika njia zetu ndizo zilizoiamsha Ulaya.

Na Ulaya iliamka kweli kweli. Fedha zikachangwa, magazeti yakaandika, na mwaka 1887 Henry Morton Stanley akaongoza msafara mkubwa kupitia Mto Kongo kwenda kumtafuta mtu mmoja. Mamia ya wapagazi walikufa kwa njaa, maradhi na mishale katika msitu wa Ituri. Stanley alimkuta Emin kando ya Ziwa Albert mwezi Aprili 1888, naye Emin hakuwa na haraka ya kuokolewa. Lakini askari wake wakamuasi na kumfunga, na mwisho akakubali kuondoka mwaka 1889. Waliwasili Bagamoyo mwezi Desemba mwaka huo. Katika karamu ya kumpokea, yule mzee wa macho mabovu alianguka kutoka dirisha la ghorofani, akaumia vibaya kichwa na kulazwa hospitali kwa wiki nyingi.

Bendera ya Tabora

Alipopona hakurudi Ulaya. Aliingia katika utumishi wa Wajerumani, na tarehe 26 Aprili, 1890 akatoka Bagamoyo na msafara wa kwenda bara, akiwa pamoja na Dk. Franz Stuhlmann. Mwisho wa Julai walifika Tabora. Mji huu ulikuwa kitovu cha njia zote: moja inatoka pwani, nyingine inakwenda Ujiji na Manyema, nyingine inapanda kaskazini hadi Ziwa Victoria na Buganda. Kwa miaka mingi Waarabu wa Unyanyembe walikuwa wakiitambua mamlaka ya Sultani wa Zanzibar. Mtemi Isike naye alikuwa na nguvu zake na hakutaka kutawaliwa na mgeni.

Mapema mwezi wa Agosti 1890 Emin alifanya mapatano na Waarabu wa Tabora, wakaikubali himaya ya Wajerumani, Sef bin Saad akateuliwa kuwa liwali, na bendera ya Kijerumani ikapandishwa. Hakuagizwa kufanya hivyo, na wakubwa wake pwani hawakufurahi. Lakini jambo lilikwisha kutendeka. Kutoka Tabora akapanda ziwani, na mwezi Novemba 1890 akaanzisha kituo cha Bukoba. Katika safari hiyo watu wake walipambana na wafanyabiashara wa Kiarabu kusini ya ziwa. Habari za mambo hayo, bendera na mapambano, zilikwenda kwa njia zile zile za misafara hadi Manyema na mto Kongo. Njia haichagui cha kubeba. Hubeba pembe, shanga, barua, na vilevile kisasi.

Aliitwa arudi pwani, akakataa. Mwaka 1891 aliendelea magharibi hadi zaidi ya Ziwa Edward, nje ya eneo la Wajerumani. Huko ndui ikaingia msafarani. Mwezi Desemba alimwamuru Stuhlmann aondoke na wazima kurudi Bukoba, naye akabaki na wagonjwa, hali yeye mwenyewe amekaribia kuwa kipofu. Kitendo hiki nakihesabu kuwa ndicho bora kabisa katika maisha yake. Wapagazi na askari wenye ndui hawakuwa na wa kuwaokoa, na yeye hakuwaacha.

Baada ya hapo, kimya. Mwezi Machi 1892 aliondoka kuelekea magharibi akifuatana na misafara ya Waarabu na Wamanyema, na pwani hazikupatikana tena habari za uhakika. Zilivuma habari kuwa amekufa, zikavuma nyingine kuwa yu hai. Nyuma aliacha Bagamoyo mtoto wake wa kike, Ferida, aliyezaa na mke wake wa Kihabeshi. Mtoto huyo alipelekwa Ujerumani akalelewa na shangazi yake. Kila mwenye jamaa aliyepotea anajua habari za namna hii zinavyomtesa mtu: hawezi kulia msiba wala hawezi kungoja kwa raha.

Waliokamatwa

Mwishoni mwa mwaka 1892 vita vilizuka baina ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji na Waarabu wa Manyema. Nyangwe na Kasongo zikaanguka mwaka 1893. Huku Tabora mambo nayo yalikuwa yakigeuka: mwezi Januari 1893 Wajerumani waliivunja ngome ya Isike, naye akaiwasha baruti kuliko kujisalimisha. Katika mateka ya vita vya Manyema zilikutwa shajara za Emin. Maandishi yake yalikoma mwezi Oktoba 1892. Hapo ikajulikana kwamba mwenye shajara hawezi kuwa hai.

Aliyeifuatilia kesi alikuwa Mmarekani, Richard Dorsey Mohun, wakala wa biashara wa serikali ya Marekani huko Kongo, aliyefuatana na majeshi ya Wabelgiji. Mwaka 1894 aliwakamata watu wawili, Ismailia na Mamba. Hawakuwa mabwana. Walikuwa watu wa chini ya mabwana wa Kiarabu.

Kwa maungamo yao, Emin alikuwa katika kijiji cha Kinena, mashariki ya mto Kongo, akingoja kupata njia ya kupita kwa mkubwa wa upande ule aliyejulikana kwa jina la Kibonge. Askari wake wakashawishiwa kwenda mashambani kutafuta chakula, wakaacha bunduki. Emin alikuwa amekaa mezani na kazi zake za kukusanya viumbe. Wakamshika mikono, wakamwambia kuwa ni amri ya Kibonge, wakamkata shingo. Kichwa kikatiwa katika sanduku kikapelekwa kwa aliyetuma. Ismailia na Mamba wakahukumiwa, wakanyongwa.

Sasa tuitazame kesi hii. Jambo la kwanza, siri haikuwa siri. Katika msafara wenye wapagazi, wanawake na watumwa, watu wengi walijua siku ile ile kilichotokea. Pwani na Ulaya zilikuwa zikikisia, lakini kule msituni mpika ugali na mbeba mzigo walikuwa wakijua. Walinyamaza kwa kuwa mwenye nguvu alikuwa bado ana nguvu. Nguvu za Kibonge zilipovunjika ndipo ndimi zikafunguka. Hivi ndivyo ilivyo katika kesi nyingi za watu waliopotea hata katika zama zetu. Kabla ya kulalamika kwamba wananchi hawatoi ushirikiano, na tujiulize kwanza: mwananchi akisema, nani atamlinda usiku?

Jambo la pili, watumwa walinyongwa wakisema wametumwa. Sisemi kuwa kutumwa kunamtoa mtu hatiani. Aliyeshika kisu ana akili na ana moyo, na damu haitakaswi kwa kusema bwana kaniamuru. Lakini lau kesi ingeishia kwa Ismailia na Mamba, ingekuwa sawa na kukata matawi na kuliacha shina. Kibonge naye alikamatwa baadaye na majeshi ya Kamanda Lothaire, na siku za mwanzo za Januari 1895 akauawa kwa hukumu ya kijeshi. Kwa hiyo hapa, kinyume na kesi nyingi tunazozijua, mkono ulipatikana na kinywa kilichotuma kikapatikana.

Haki ya haraka na maiti mwingine

Msomaji atasema: basi haki ilitimia. Ngoja kwanza. Lothaire alipomkamata Kibonge alipata pia barua zilizoonyesha kuwa Charles Stokes anakuja kufanya naye biashara. Stokes alikuwa mtu wa Ireland. Alikuja Afrika Mashariki kama mmisionari wa CMS, kisha akawa mfanyabiashara wa pembe na mkodishaji wa wapagazi katika nchi yetu hii. Alioa mke wa Kinyamwezi aitwaye Limi, jamaa wa Mtemi wa Usongo, na watu wa Unyamwezi walimjua kuliko Mzungu mwingine yeyote wa wakati ule.

Lothaire alimtuhumu kuwa anawauzia Waarabu bunduki. Alimkamata, akamhukumu kwa mahakama ya kijeshi ya usiku mmoja, bila wakili na bila nafasi ya kukata rufaa, na asubuhi ya tarehe 15 Januari, 1895 akamnyonga. Uingereza na Ujerumani zilipiga kelele. Dola ya Kongo ikalipa fidia kwa serikali zote mbili. Lothaire mwenyewe alishtakiwa mwaka 1896, huko Boma kisha Brussels, na mara zote mbili akaachiwa huru. Katika wiki chache mkono ule ule uliomfikia aliyetuma wauaji wa Emin ukaua mtu mwingine bila kufuata haki.

Hii ndiyo sababu nasema kukamata si kuhukumu. Kiu ya kutaka mkubwa apatikane ni kiu halali, na mimi ninayo. Lakini kiu hiyo ikikosa ushahidi na taratibu humeza wasiohusika. Wangapi katika vijiji vyetu wamechomwa moto kwa kuwa walinyooshewa kidole tu? Mwizi wa kuku, mgeni aliyepotea njia, kikongwe aliyefiwa na mjukuu, wote hao wamewahi kupata mahakama ya usiku mmoja. Sheria yetu ya dini na sheria za nchi zinakubaliana katika hili, kwamba anayedai ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi.

Jambo la tatu na la mwisho ndilo linalonichoma zaidi. Emin Pasha alitafutwa na mabara mawili. Msafara mzima ulitumwa kwa ajili yake alipokuwa hai, na alipokufa wauaji wake walisakwa hadi wakapatikana. Wapagazi waliokufa wakimtafuta katika msitu wa Ituri hawakuwa na wa kuwatafuta. Wale wagonjwa wa ndui aliobaki nao, wale askari waliotumwa mashambani siku ile, hawakufunguliwa jalada lolote. Mama wa mpagazi aliyeondoka na mzigo begani alingoja misimu mingapi ya mvua? Hakuna wakala wa serikali aliyekwenda kumwambia chochote.

Katika mafundisho yetu roho moja iliyouawa pasi na haki ina uzito kama roho za watu wote, wala hatukuambiwa kwamba iwe ni roho ya pasha, gavana au mwenye jina magazetini. Jalada la mtoto mwenye ualbino wa kijijini lina haki ya kufuatiliwa kwa juhudi ile ile, hata ikapita miaka mingi, mpaka ajulikane aliyekata, aliyenunua na aliyeagiza. Familia ya mtu aliyetoweka ina haki ya kuambiwa kilichompata, na kama kuna mwili wapewe wazike.

Emin Pasha hana kaburi linalojulikana. Kwa masikitiko hilo ndilo jambo pekee alilolingana nalo na wapagazi wake. Viongozi wetu, Polisi na mahakama, na sisi wenyewe tunaojua na kunyamaza, tusikubali mtu ajulikane na kutafutwa kwa cheo chake. Na siku tukisikia kuwa mtuhumiwa amekamatwa, tusikimbilie kushangilia wala kubeba mawe. Tuulize nani alimtuma, tudai ushahidi utolewe mbele ya watu, na tuwakumbuke wale ambao majalada yao yamejaa vumbi.

Wallahu a'alam.